Waya mwekundu wa kamera ya rivasi

Wasomaji, leo seva na hifadhidata zipumzike. Nataka kuzungumzia waya mmoja mwekundu, mwembamba kama kiberiti, unaotoka kwenye kila kamera ya rivasi inayouzwa madukani hapa Mombasa. Swali ni moja tu: uungwe wapi?

Karatasi inayokuja ndani ya boksi ina jibu la mstari mmoja: unga kwenye chanya ya taa ya rivasi. Mafundi wengi huku Kisauni hufanya hivyo hivyo. Ukitia gia ya rivasi taa inawaka, kamera inapata umeme, skrini inaonyesha nyuma. Dakika ishirini kazi imekwisha na fundi ameshalipwa. Na mara nyingi inafanya kazi. Hilo neno "mara nyingi" ndilo lililonifanya niandike haya.

Gari lenyewe ni Probox ya shemeji yangu. Anasambaza mikate kwenye maduka ya Mishomoroni, Mtopanga na Bombolulu. Kabla ya jua kuchomoza kreti zimepangwa hadi kwenye dari, na ukiangalia kioo cha katikati unaona mikate tu, hakuna kingine. Anakaa kwenye ua wa nyumba sita wenye geti moja, na gari lazima lilale likiwa limeelekea ndani, kwa hivyo kila alfajiri linatoka kinyumenyume. Ua wenyewe una watoto. Sijawahi kuwahesabu nikapata idadi ile ile mara mbili. Mchana jua likiwa kali, kivuli kizuri kuliko vyote ni kile cha nyuma ya Probox, na hapo ndipo wadogo hukaa wakicheza na vizibo vya soda.

Zamani mtoto wake wa kwanza alikuwa ndiye kamera. Anasimama nyuma, anapiga bodi kwa kiganja: njoo, njoo, njoo, hapo hapo! Kamera ilipofungwa kijana akapandishwa cheo, yaani akaachwa alale. Ukitaka kujua kwa nini jambo hili lilinikosesha raha, sababu ni hiyo. Kifaa kilikuwa kimemwondoa mtu kazini. Kikifanya kazi mara tisa kati ya kumi, ile ya kumi hakuna anayepiga bodi.

Dadangu alikuwa na sababu zake za kuitaka hiyo kamera. Sisi wa Mombasa hatujasahau tarehe 29 Septemba 2019, gari liliporudi nyuma kutoka kwenye feri ya MV Harambee katikati ya kivuko cha Likoni likazama na mama na binti yake. Lilitolewa majini tarehe 11 Oktoba. Kamera isingesaidia kitu siku ile, tatizo lilikuwa jingine kabisa, lakini tangu hapo dadangu hapendi gari lirudi nyuma hata hatua moja bila mtu kujua kilichoko huko. Simlaumu.

Na si yeye peke yake duniani. Marekani wana sheria ya mwaka 2008 yenye jina la mtoto, Cameron Gulbransen, aliyekuwa na miaka miwili. Mwaka 2002 baba yake mwenyewe, ambaye ni daktari wa watoto, alimgonga akirudisha gari nyumbani kwao. Ilichukua miaka mingi ya mabishano, lakini magari madogo mapya ya kuuzwa kule yaliyotengenezwa tangu tarehe 1 Mei 2018 lazima yawe na kamera ya nyuma. Kanuni yao ina kipengele ambacho mwandishi yeyote wa programu atakipenda: picha lazima itokee ndani ya sekunde 2 baada ya gia ya rivasi kuingia. Hawakusema "haraka iwezekanavyo." Walisema sekunde 2, kitu unachoweza kukipima. Japani nao waliingia mwaka 2022 kwa aina mpya za magari, ila sisi tunaopokea mitumba yao pale Kilindini tutaisikia faida polepole, gari likizeeka kule ndipo lifike huku. Probox ya shemeji haikujua habari hizo. Ilikuja na redio ya kaseti.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Shemeji alinieleza hivi: "Kamera iko sawa, lakini kuna asubuhi inakuwa buluu halafu inarudi." Nikamuuliza, asubuhi gani? "Asubuhi tu." Mliowahi kupokea simu za wateja mnaijua ripoti ya namna hii. Nilienda Jumamosi saa nane mchana, nikaingia, nikatia rivasi, picha safi. Mara kumi, picha safi. Fundi aliyeifunga alikuwa amefanya majaribio hayo hayo na kupata majibu hayo hayo, ndiyo maana akasema redio ni mbovu na inunuliwe nyingine.

Hitilafu isiyotokea mbele yako haijaondoka, bado hujajua masharti yake tu. Kwa hivyo nilimwambia shemeji akae kwenye usukani na afanye kila kitu anachofanya alfajiri, kwa mpangilio ule ule, hata kama ni upuuzi. Akawasha gari. Akawasha taa kubwa, kwa sababu saa kumi na moja bado ni giza. Akatia rivasi. Picha ipo. Akaachia klachi, gari likasogea kidogo, akakanyaga breki. Buluu.

"Rudia tena, shemeji."

Taa, rivasi, breki: buluu. Inakaa kama sekunde mbili, inarudi. Akizima taa kubwa akabaki na breki peke yake, picha inatetemeka tu, haikatiki. Akiacha breki, hakuna tatizo lolote. Hebu fikiria maana yake kidogo. Dereva anakanyaga breki kwa nguvu wakati gani anaporudi nyuma gizani? Pale anapoona kitu. Kamera ile ilikuwa inafumba macho katika sekunde ile hasa ambayo ilinunuliwa kwa ajili yake.

Nilichukua mita. (Kama huna, nunua, ya bei rahisi kabisa inatosha kwa kazi hii.) Ufunguo umewashwa, injini imezimwa, betri ilisoma volti 12.3. Nikaenda nyuma. Pale walipounga waya mwekundu wa kamera, kwenye chanya ya taa ya rivasi, nilipata 11.8. Nusu volti imepotelea njiani, si ajabu kwa gari la umri ule. Mpaka hapo hakuna kesi.

Kesi ilikuwa upande wa hasi. Watu husahau kwamba umeme una kwenda na kurudi. Kwenye gari njia ya kurudi ni bodi yenyewe, ile ambayo mafundi wanaiita ethi. Waya mweusi wa kamera ulikuwa umeungwa kwenye ethi ya taa za nyuma, waya mmoja mfupi uliofungwa kwa skrubu kwenye bati. Niliweka ncha moja ya mita hapo, na nyingine kwenye boliti safi ya mkanda wa kiti cha nyuma. Sehemu hizo mbili zote ni bodi, kwa hivyo mita ilitakiwa isome sifuri. Rivasi peke yake: 0.9. Ongeza taa za usiku: 1.1. Ongeza breki: 2.0.

Nilipofungua ile skrubu nilikuta kijani kibichi na kutu. Tunakaa karibu na maji ya chumvi, na hewa ya huku inakula shaba na chuma hata ukiwa umelala. Kutu ile ilikuwa imekuwa kizuizi. Ukipitisha umeme kidogo, volti kidogo inapotea. Ukipitisha mwingi, inapotea nyingi. Globu ya breki ina wati 21, peke yake inavuta karibu ampea 1.75, na ya rivasi inakaribia hapo. Zote za upande ule zilikuwa zinapanga foleni kwenye skrubu ile moja mbovu, na kamera, inayohitaji chini ya sehemu moja ya kumi ya ampea, imesimama nyuma yao kama abiria mwenye baiskeli katikati ya malori pale feri.

Halafu nikaona kitu kilichonishtua zaidi. Nilichomoa kebo ya video kwenye kamera nikapima tena, breki na taa zikiwa zimewashwa. Badala ya 2.0 nikapata 3.1. Nikairudisha: 2.0. Kwa nini kebo ya picha ipunguze volti ya ethi? Kwa sababu ganda la nje la kebo ile, zile nyuzi zinazozunguka waya wa katikati, limeungana na hasi ya kamera upande huu na hasi ya redio upande ule. Umeme wa taa za breki ulikosa njia kwenye kutu, ukaona njia nyingine, ukaishika: kutoka buti hadi kwenye dashibodi kwa kupitia kebo ya video! Mawimbi ya picha yenyewe yana ukubwa wa volti moja tu kutoka juu hadi chini. Ukiyayumbisha kwa volti mbili kwa mkupuo, redio inapoteza mwanzo wa kila mstari wa picha, inaamua hakuna mawimbi, inaonyesha buluu. Redio haikuwa mbovu. Ilikuwa inasema ukweli.

Ningeweza kuishia pale. Msasa, skrubu mpya, kazi imekwisha. Skrubu niliisafisha kweli, maana taa nazo zilikuwa zinawaka kwa kufifia na polisi wa barabarani hawana haja ya kuelezwa habari za volti. Lakini sikutaka kamera iendelee kutegemea mahali pale. Kutu itarudi, huku pwani ni suala la miezi tu. Na taa ya rivasi ilikuwa imepewa kazi mbili: kutoa habari kwamba gari liko rivasi, na kutoa nguvu ya kuendesha kamera. Habari inaweza kupita hata kwenye njia mbaya, maana redio inahitaji kujua ndiyo au siyo tu, na volti 9 ni ndiyo kama 12 ilivyo ndiyo. Nguvu haiwezi. Wenzangu mnaoandika programu mnajua kwa nini hatupitishi mafaili makubwa kwenye njia ya kupelekea arifa.

Kwa hivyo nilizitenganisha, na hivi ndivyo ilivyofungwa sasa.

Kebo nyingi za video zinazokuja na kamera hizi zina waya mwembamba mwekundu uliolala pembeni yake kutoka mwanzo hadi mwisho, ukichomoza kila upande. Huo niliuacha kwa habari peke yake. Nyuma umeungwa kwenye chanya ya taa ya rivasi, mbele umeungwa kwenye waya wa redio unaosubiri ishara ya rivasi (kwenye redio nyingi umeandikwa hivyo kwenye kibandiko chake, usikisie kwa rangi). Kwa nguvu nilivuta waya pacha mpya, nyekundu na nyeusi, kutoka mbele hadi nyuma chini ya kapeti, kama mita tano. Nyekundu inatoka kwenye boksi la fyuzi, kwenye fyuzi inayopata umeme ufunguo ukiwa kwenye ACC, kupitia fyuzi yake yenyewe ya ampea 1. Nyeusi inarudi mahali pale pale redio ilipofungiwa ethi. Haigusi bodi ya nyuma kabisa. Kwa njia hiyo kamera na redio zinakubaliana sifuri ni ipi, na taa za breki hazina tena sababu ya kusafiri kwenye kebo ya video.

Hapa kuna mtego, naomba usome mara mbili. Ukishafika nyuma utakuwa na waya mwekundu wa nguvu, waya mwekundu wa kamera na waya mwekundu wa habari, vyote vimekaa pamoja kama ndugu. Viwili vya kwanza vinaungana. Cha tatu kinakwenda kwenye taa na hakigusani na hivyo viwili. Ukiviunga vyote vitatu, umeme wa ACC utatoka kwenye kamera uingie kwenye taa za rivasi kinyume, zitajaribu kuwaka muda wote, na redio itadhani uko rivasi hata ukiwa Nyali Bridge. Kwa bahati ile fyuzi ya ampea 1 itakatika kabla hujafika mbali. Fyuzi imewekwa kwa ajili hiyo, usiibadilishe na ya ampea 15 eti "hii inakatika katika."

Kuna wanaouliza kwa nini nisichukue umeme moja kwa moja kwenye betri. Piga hesabu. Kamera hii ilivuta ampea 0.09. Kwa saa 24 ni zaidi ya ampea-saa 2. Ukisafiri wiki moja, 15 zimekwenda, na betri ndogo ya Probox yenye ampea-saa 35 hivi haitakuwa na furaha ya kukuona. ACC inazimika na ufunguo, basi.

Wengine watasema kamera ikiwashwa muda wote itachakaa. Inawezekana. Kama hilo linakusumbua, weka relei: taa ya rivasi iamshe relei, relei ifungulie umeme safi kutoka kwenye fyuzi. Ni suluhisho zuri na kwa magari mapya ndilo ninalolipendelea, kwa sababu baadhi ya hayo hayapeleki umeme ulionyooka kwenye taa. Kompyuta ya gari inauwasha na kuuzima mara nyingi kwa sekunde, jicho halioni lakini kamera inaona, na picha inapepesa. Hapo hata relei yenyewe inaweza kutetemeka, itahitaji kapasita ya kuituliza. Kwa Probox nilichagua iwake muda wote kwa sababu moja: zile sekunde 2 za Wamarekani. Kamera inayoamka rivasi ikiingia inahitaji muda wa kuamka, na redio inahitaji wake. Kwa kamera iliyokwisha amka, redio inabadilisha tu inachoonyesha. Nilipima kwa simu nikirekodi video ya gia na skrini pamoja, halafu nikahesabu picha moja moja. Kwa waya wa kwanza ilikuwa karibu sekunde 3. Sasa haifiki hata sekunde 1.

Kuhusu kuunga: zile klipu za buluu za kubana waya bila kumenya, kwa huku kwetu mimi nazikataa. Zinakata nyuzi kadhaa na kuacha kidonda wazi kwa chumvi. Kufunga kwa kusokota na tepu nyeusi ni kubaya zaidi, joto linaifanya tepu ile iteleze kama halua. Menya, lehemu kwa risasi, vika mpira unaosinyaa kwa moto. Na pale waya unapopita kwenye bawaba za mlango wa nyuma, uache uwe mrefu kidogo na uupitishe ndani ya lile bomba la mpira lililopo tayari, kwa sababu Probox ya mikate inafunguliwa mlango huo mara mia kwa siku.

Baada ya kufunga tulirudia alfajiri ya bandia: taa, rivasi, breki. Kisha nikamwambia shemeji akanyage na kuachia, akanyage na kuachia, mpaka akachoka. Picha haikutikisika. Mita kati ya hasi ya kamera na ethi ya redio ilisoma 0.01. Dadangu alitoka na chai, akaitazama skrini, akamwita yule mdogo wa miaka mitatu akamsimamisha nyuma ya bampa (gari limezimwa injini na jiwe liko chini ya tairi, msiniandikie). Tukaona nywele zake tu, sehemu ya chini kabisa ya picha. Kwa hivyo nikailaza kamera nyuzi chache zaidi kuelekea chini, mpaka miguu ikaonekana na ukingo wa bampa pia. Kama yako inaonyesha anga na paa la jirani, imefungwa juu mno.

Yule kijana wa kwanza bado anaamshwa. Dadangu alisema kamera ni ya baba, kijana ni wake.

Rafiki yangu wa Changamwe anayeendesha trela aliposikia habari hizi akaniuliza kama anaweza kufanya vile vile. Njia ni ile ile, lakini malori mengi ni volti 24, na kamera ya volti 12 ukiipa 24 utasikia harufu kabla hujaona picha. Geuza boksi usome kibandiko. Ziko zilizoandikwa 9 hadi 36, hizo ndizo za kwako. Kama ulichonacho ni cha 12, nunua kwanza kile kifaa kidogo cha kupunguza 24 kuwa 12, kiweke baada ya fyuzi, halafu uendelee.